Jinsi ya Kumsaidia Mgonjwa wa Mapafu Asibaki Mpweke: Mwongozo kwa Familia na Majirani

Mtu mwenye ugonjwa sugu wa mapafu hujitenga na watu kidogo kidogo. Huanza kwa kuacha kupanda mlima kwenda kanisani, kisha hukosa vikao vya kikoba kwa sababu kikohozi humshika mbele za watu, na mwishowe hata msiba wa jirani humpita akiwa chumbani. Na kwa kuwa huku kwetu Mbeya, Njombe na Iringa asiyeonekana msibani huhesabiwa kuwa amewakataa wenzake, watu nao hupunguza kwenda kwake. Kumhimiza tu atoke nje hakumsaidii, kwa maana hakosi nia bali pumzi. Kinachohitajika ni wenzake kubadilisha saa, mahali na mwendo wa mambo, na kumpa kazi anayoiweza.

Anzeni na hofu ya maambukizi, kwani kila anayekohoa kwa muda mrefu hudhaniwa kuwa na kifua kikuu. Ikiwa amekohoa kwa wiki mbili au zaidi na hajapimwa, apelekwe kituo cha afya akapimwe makohozi. Vipimo na dawa za ugonjwa huo hutolewa bila malipo. Ikithibitika kwamba hana, au kwamba alikwisha kupona na kilichobaki ni makovu ya mapafu, basi kwa ridhaa yake mtu anayesikilizwa mtaani awaeleze majirani waziwazi kwamba pumu, makovu hayo na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa haviambukizi. Uvumi usipojibiwa, hatua nyingine zote hazitafika mbali.

Kisha uangalieni moto. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi hukusanya familia jikoni penye kuni, na mgonjwa, ambaye moshi humbana kifua, hubaki peke yake upande wa pili wa nyumba akisikia wenzake wakizungumza. Kuni zipikiwe nje au kwenye jiko lenye bomba la kutolea moshi, na mazungumzo yahamie barazani penye jua. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe chumbani kilichofungwa ili kumpasha joto, kwa sababu hewa yake ya sumu huua hata pasipoonekana moshi.

Wageni waje kuanzia saa nne asubuhi, baridi ikiwa imepungua, kwa kuwa wengi wenye ugonjwa huu hubanwa zaidi wanapoamka. Hapa kuna jambo ambalo watu wema hulisahau: salamu zetu ni ndefu. Mgeni husema "Shikamoo baba", kisha huuliza habari za usiku, za mama, za watoto na za shamba, na kila swali linadai jibu kutoka kwa mtu ambaye pumzi yake inatosha sentensi fupi tu. Mwamkieni kwa heshima ile ile, lakini kaeni kwanza, msimulieni habari zenu, na mkono wake ulioinuliwa utoshe kuwa jibu. Msimmalizie sentensi; subirini avute pumzi aseme mwenyewe.

Akitoka, apande bajaji penye mlima na atembee penye tambarare, njia ikiwa imepangwa kwa mahali pa kupumzika. Atumie dawa yake ya kuvuta kama alivyoelekezwa na daktari. Pumzi ikimwishia, aketi, aegemeze mikono magotini, avute hewa taratibu kwa pua na aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai.

Msibani asitarajiwe kukesha kwenye baridi wala kubeba maji. Afike mchana, awekewe kiti mbali na moshi wa masufuria, na akabidhiwe daftari la rambirambi aandike majina na michango. Kazi hii naisisitiza kwa sababu humweka mahali ambapo kila anayefika lazima ampitie, naye hurudi nyumbani akiwa ametumikia, hakuhurumiwa tu. Kwenye kikoba vivyo hivyo, vikao vinaweza kufanyikia kwake.

Ulizeni pia kliniki kama kuna mazoezi ya mapafu, ambayo kwa kawaida huchukua wiki sita hadi nane. Hupunguza kuhema na humkutanisha na wenye hali kama yake. Akikataa hata wale awapendao, akakosa usingizi na hamu ya kula, mhudumu wa afya aambiwe, kwani huenda ni sonona, nayo hutibika.

Siku asizoweza kutoka, mtumieni ujumbe wa sauti asiolazimika kuujibu papo hapo. Akishindwa kumaliza sentensi fupi, midomo ikigeuka rangi ya bluu au akianza kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja, na mmoja wenu awajulishe waliokuwa wakimngoja siku hiyo, ili wajue alipo na wasidhani ameacha kuja.