Ficha picha, anza na mgonjwa

Unafundisha anatomia ya ubongo? Usifungue picha ya MRI mapema. Wape wanafunzi kisa kwanza: mtu kaamka na kizunguzungu, sauti imekwaruza, kumeza ni shida. Uso upande wa kushoto hauhisi maumivu wala joto, ila mwilini ganzi hiyohiyo iko kulia. Waache wabishane jeraha liko wapi.

Hapo ndipo njia za neva zinapoacha kuwa orodha ya kukariri. Njia ya maumivu ya mwili huvuka upande wa pili ndani ya uti wa mgongo, karibu na pale inapoingilia. Ya uso hushuka kwanza upande uleule hadi kwenye medula, yaani sehemu ya chini ya shina la ubongo, ndipo ivuke. Kwa hiyo jeraha moja dogo, pembeni mwa medula kushoto, linazipata zote mbili. Kila mmoja alichore kwa kalamu kabla ya kuona chochote; wakigoma, subiri.

Kisha onyesha MRI ya difyusheni (inayopima mwendo wa maji kwenye tishu), maana CT, skani ya eksirei, mara nyingi haikioni kiharusi kidogo cha eneo hili. Wakumbushe kwamba kushoto kwa mgonjwa ni kulia kwa skrini. Tena kwenye skani mbele ya mwili iko juu, ilhali michoro mingi ya vitabu huweka upande wa nyuma wa shina la ubongo juu. Wengi hukwama hapo tu, kwa hiyo pindua mchoro uendane na skani.

Kipindi kijacho badilisha kitu kimoja: ganzi ya uso na ya mwili ziwe upande mmoja. Watapanda juu zaidi kutafuta, pengine hadi thalamasi, kituo cha hisia ndani ya ubongo.