Kumuuguza mgonjwa wa skizofrenia nyumbani: maelekezo ya nesi wa Ujiji

Mi ni nesi, nimefanya wodi ya akili kabla sijarudi Kigoma, na nyumbani kwetu tuna mdogo wetu wa kiume mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti na aamini vitu ambavyo havipo, kwa hiyo naujua kwa pande zote mbili, na nyumbani ndo kugumu zaidi.

Kwanza hakikisha ndo wenyewe. Mtu aliyekuwa mzima jana afu leo ana homa anaongea ovyo, huyo usimuite kichaa, mkimbize hospitali usiku huohuo, inaweza kuwa malaria imempanda kichwani. Skizofrenia mara nyingi inakuja taratibu, kijana wa miaka kama 18 au 25 anaanza kujitenga, haogi, anacheka peke yake, anakwambia wale watu wa redioni wanamsema yeye. Ukiona hivo usisubiri mwaka uishe, mpeleke apimwe, mapema ni bora.

Sasa kuhusu zile sauti anazozisikia peke yake. Usimbishie na usimkubalie. Ukimwambia "hamna kitu hapo, acha ujinga" umempoteza, kwasababu yeye anazisikia kweli kama unavyonisikia mimi, na ukimwambia "eeh hata mi nawasikia" umemwongezea. Mdogo wangu huniuliza, "Dada, hao unawasikia?" Namjibu, "Mi siwasikii mdogo wangu, ila naona wanakutesa. Wanasemaje?" Hilo swali la mwisho usiliruke. Kama zinamwambia ajiue au amdhuru mtu unatakiwa ujue leo, na ni hospitali moja kwa moja. Kumuuliza mtu kama anawaza kujiua hakumpi wazo, usiogope.

Chakula nacho. Kuna kipindi aligoma kula cha mama, anasema kimewekwa sumu. Mama analia, mjomba anafoka. Nikakaa nae chini, sahani moja, ugali na mgebuka wa mawese, nikala mimi kwanza upande wangu, simsemeshi chochote, kama dakika kumi hivi akanyoosha mkono akala upande uleule niliokula mimi. Ndo maana nawaambia watu msimfichie dawa kwenye uji! Siku akigundua, ile sumu aliyokuwa anaihisi inakuwa kweli, na hamtamlisha tena.

Dawa mpe mkononi na maji, mwangalie anameza, afu piga nae stori kidogo asiende kuzitema. Usitegemee ndani ya siku mbili awe sawa, kulala na kutulia kunaanza mapema ila sauti zinaweza kuchukua wiki kadhaa kupungua. Na akipata nafuu ndo mda wa hatari, kila mtu anasema amepona, dozi inaachwa, baada ya miezi anachafuka upya. Dawa ni daktari anayepunguza.

Ila tuwe wakweli, wengi hawaachi dawa kwa ukaidi, dawa zinawasumbua na hakuna anayewauliza. Haloperidoli na sindano ya Modecate, ile ya kuchomwa kila baada ya wiki kadhaa, zinaweza kukaza misuli, shingo inapinda upande, macho yanageuka juu, ulimi unatoka, familia inasema mashetani wamekuja na mbio kwa mganga. Ni dawa hiyo jamani, hospitali wana dawa ya kumlegeza, Artane au nyingine, anatulia haraka. Mwingine hawezi kukaa, anazunguka uani kutwa, mnadhani ugonjwa umezidi mnataka aongezwe dozi, kumbe dawa yenyewe ndo inamrusha. Mwambie daktari. Klopromazini inafanya ngozi iungue na jua, anayeshinda mwaloni kuanika dagaa avae kofia na mikono mirefu, na akiamka kitandani aamke taratibu asije akaanguka. Olanzapini inanenepesha na sukari inaweza kupanda, ipimwe. Ila homa kali, mwili umekakamaa kama gogo, jasho linamtoka na hajielewi, hapo usimpe dozi nyingine, ni dharura, kimbia.

Akichafuka, aongee mtu mmoja tu kwa sauti ya chini. Wengine wakae mbali, mlango uachwe wazi, panga na mchi viondolewe mapema. Msimzunguke kumi. Kamba na minyororo sitaki hata kuzisikia, nimesafisha vidonda vya vifundo vya miguu vya kutosha. Bangi na gongo pia vikae mbali nae. Na wale wa maombi na waganga sigombani nao, nendeni, ila dozi isikatwe.

Usimuite mvivu. Kukaa kimya kutwa na kutojali chochote ni ugonjwa uleule, na vidonge haviusaidii sana huo upande. Mpe kazi ndogo saa ileile kila siku, wetu anafukuza kunguru kwenye dagaa, basi.

La mwisho ni usingizi na tarehe. Akikesha siku mbili tatu mfululizo ujue kitu kinakuja, wahi kliniki. Mama kwa mda mrefu alikuwa anasema, "Huyu mwezi ukikaribia kujaa anaharibika." Na kweli, nikihesabu naona ni kweli! Nikachukua kadi ya kliniki nikakaa nayo. Kumbe anayempeleka sindano na pikipiki ni mjomba, na mjomba ni mvuvi wa dagaa, siku za giza usiku yuko ziwani, mchana amelala, anakuwa na nafasi wakati wa mbalamwezi tu kwa sababu mwezi ukiwaka taa zao za kuvulia hazivuti dagaa. Tarehe ya sindano ikiangukia kwenye giza, inasubiri mbalamwezi, wiki mbili na zaidi, na dawa mwilini inazidi kupungua. Nikamwambia mama mwezi hauna kosa, ni ratiba ya mjomba. Siku hizi anaenda na bodaboda wa mtaani, na mama anaandika tarehe kwa mkaa juu ya mlango wa jiko, zimeshafika kwenye mabati.