Nyumba ndogo ya mapumziko ya mawe, kwa kiwanja cha Nairobi

Anza na udongo, mchoro baadaye. Sehemu nyingi za Lang'ata na Karen zina udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Msingi ukikaa juu yake, ukuta hupata nyufa za ngazi zinazofuata viungo vya mawe. Uchimbe wote hadi mwamba au maramu imara, ndipo umwage zege. Penye udongo mwekundu kazi ni nyepesi.

Tuseme nyumba ni mita 4 kwa 6. Mawe ya machimbo ya Ndarugo, Kiambu, ya inchi 9 kwa 9 yana kimo cha sentimita 23. Pamoja na mota, kozi (safu za mawe) 11 hufika karibu mita 2.7. Mzunguko ni mita 20, basi unahitaji mita 220, kama futi 720, maana mawe huuzwa kwa futi. Toa milango na madirisha, ongeza sehemu moja ya kumi kwa yatakayovunjika.

Jiwe hili hunyonya maji. Likijengwa kavu, hufyonza maji ya mota kabla saruji haijashika, na kiungo hubaki unga unaokwaruzika kwa ukucha. Lilowesheni kwanza. Saruji 1 kwa mchanga 4, ukanda wa chuma kila kozi ya pili, ukuta umwagiliwe siku 7. Kozi mbili za chini ziwe za jiwe gumu la bluu, kwani matone yanayoruka kutoka ardhini hula Ndarugo. DPC, tabaka la kuzuia unyevu usipande ukutani, ikae angalau sentimita 15 juu ya ardhi.

Dirisha kubwa la kioo lielekee kaskazini: Juni na Julai, miezi ya baridi, jua la adhuhuri liko upande huo. Magharibi acha ukuta mzima, kwa sababu jua la saa kumi hupenya chini ya paa lolote. Uwazi wa mita 3 unataka boriti ya zege yenye nondo, ilale ukutani sentimita 20 au zaidi kila upande, na nondo zipimwe na mhandisi.

Nje, usipige plasta. Kanisa la All Saints, lililowekewa jiwe la msingi mwaka 1917, bado linaonyesha mawe yake. Ukipiga kii, yaani kumalizia viungo vya mawe kwa mota, mota izame kidogo nyuma ya uso wa jiwe. Ile inayotokeza kama utepe hushika maji. Vanishi ya kung'aa pia iache: unyevu hukwama nyuma yake, chumvi nyeupe hutokea, na uso wa jiwe hubambuka.