Unanunua nyumba Lubumbashi? Namna ya kufanya visite na makomisioneri

Kama unatafuta nyumba ya kununua hapa Lubumbashi utapita tu mu mikono ya makomisioneri, upende usipende. Nyumba nyingi haziandikwi popote, ni mtu anamwambia mtu, na huyo mtu wa kati njo komisioneri. Wako kwenye kona ya avenyu chini ya mwembe, simu mkononi, kila lupango (kiwanja na nyumba yake) inayouzwa toka Bel-Air mpaka Kalubwe wanaijua. Kwa hiyo sitakuambia uwakimbie, hutaweza, na wako wale wanafanya kazi yao vizuri kabisa. Lakini shika jambo hili mbele ya kutoa hata franka moja: komisioneri anakuonyesha nyumba, anayeuza ni mwenye nyumba, na kama hujakaa na mwenyewe uso kwa uso bado hujafanya visite, umeona kuta na mabati tu.

Feza ya visite na mnyororo wa makomisioneri

Siku ya kwanza atakuomba feza ya visite, ama ya transpor, ama vyote viwili. Hiyo imeshakuwa desturi, mtu anatembea mu jua na analipa pikipiki, sio wizi. Kinachoumiza roho ni pale anakupeleka mbele ya nyumba ambayo ulishaikataa kwenye simu. Ulimwambia vyumba vitatu, mayi ndani, gari iingie, anakuonyesha vyumba viwili na mlango wa lupango ambao hata toroli inapita kwa shida, ukiuliza anasema "yaya, utaongeza chumba huko nyuma, nafasi iko". Nusu siku imeenda na feza imeenda.

Basi mwandikie kwenye WhatsApp mambo matatu ambayo huwezi kuyaachilia, umpe bei yako, halafu omba video, usikubali picha. Picha zinazunguka mu magrupu miezi na miezi, nyumba ilishauzwa zamani, ama haiko hata Lubumbashi, iko Kolwezi, ama Lusaka. Video aipige siku hiyohiyo, aanzie barabarani, aonyeshe namba ya lupango, ndipo aingie. Akisema mwenye nyumba hapendi video, sawa, inaweza kuwa kweli, lakini hapo mpatane kwamba feza ya visite utaitoa mkishafika na ukaona nyumba ni ile mliyosema. Mwambie mapema na kwa heshima, wengi wanakubali. Na ile bei unayomtajia iwe chini kidogo ya feza uliyo nayo kweli, kwa sababu ukisema dola 40 000 utaonyeshwa za 45 000 tu na kila moja utaambiwa "tutajadiliana".

Halafu muulize wazi: umetumwa na mwenye nyumba ama na komisioneri mwingine? Mara nyingi ni mnyororo, huyu alipigiwa na yule, yule aliambiwa na wa tatu, ukifika unakuta wanaume watano kwenye mlango kila mmoja anakusalimia kama mkwe. Wote wanangoja sehemu yao, na hiyo sehemu ilishawekwa juu ya bei bila wewe kujua. Patana siku hiyo ya kwanza komisio ni asilimia ngapi, analipa nani, wewe ama muuzaji, na kwamba italipwa mu mkono wa mtu mmoja tu, wengine watagawana naye. Iandikwe, asaini, na siku ya kulipa akupe desharje, karatasi ya kukubali amelipwa. Bila ile karatasi, miezi baadaye komisioneri wa nne anakugongea mlango asubuhi anadai yeye njo alileta nyumba.

Mkishaingia ndani

Visite ya saa kumi na mbili jioni kataa. Giza linaficha, na umeme ukikatika utaangalia nyumba na taa ya simu. Nenda mchana, jua likiwa juu, na kama muda uko rudi tena baada ya mvua kubwa. Mvua zetu zinaanza Novemba na kwenda mpaka Machi ama Aprili, lakini watu wengi wanatafuta nyumba mwezi wa sita na wa saba, wakati udongo umekauka na kila lupango inapendeza. Ukinunua wakati ule wa baridi, angalia kuta za nje kwa chini: mstari wa matope, ama rangi mpya iliyopakwa mpaka kwenye magoti tu, juu yake rangi ya zamani. Nani anapaka nusu ya ukuta? Hapo mayi yalipita. Karibu na mto Lubumbashi ama Kafubu, na hata mifereji midogo iliyozibwa na takataka, uliza sana.

Matofali njo mahali watu wengi wanaumia. Mji huu umejaa vichuguu vikubwa, udongo wake njo tunafanyia matofali, na tofali la kuchoma vizuri linadumu. Lakini kuna nyumba za matofali mabichi zilizopakwa simenti nje na ndani, zikapakwa rangi ya krimu, ukipita mbele yake unaona villa. Usiangalie salon, salon njo wanaitengeneza. Nenda nyuma ya nyumba upande wa douche, pale mayi yanamwagika kila siku, tafuta mahali simenti imebanduka na ukwaruze tofali na ufunguo. Likiwa la kuchoma ufunguo unateleza na kuacha alama ndogo nyekundu. Likiwa bichi linatoka unga wa kahawia mkononi. Gonga pia ukuta na ngumi, kule sauti inatoka kama tupu simenti imeachana na tofali. Halafu inua macho kwenye sharpanti, zile mbao za paa: ukiona njia nyembamba za udongo zinapanda ukutani mpaka kwenye mbao, ni mchwa, na mchwa wa hapa anakula mbao za paa pole pole, hutajua mpaka upepo wa Oktoba uje.

Mayi na umeme usimuulize komisioneri, atakuambia "ya REGIDESO iko" na robine kweli iko, lakini ukifungua hakutoki kitu. Fungua wewe mwenyewe. Kama kuna kisima, uliza mwezi wa tisa na wa kumi mayi yanabaki kiasi gani, juu ile miezi visima vingi vinashuka, na angalia kisima kiko mbali kiasi gani na fosi (shimo) ya choo. Kwa SNEL omba kuona fakture ya mwisho na uulize deni, kisha muulize jirani umeme unakuja siku ngapi kwa wiki na kama avenyu ilishachangishana kununua transfo (transfoma).

Majirani na maandishi ya ukutani

Jirani anajua mambo ambayo hakuna karatasi itakuambia. Rudi peke yako siku nyingine bila komisioneri, nunua kitu kwenye kibanda cha karibu, msalimie mama anayeuza makala, mwambie "mama, nataka kuhamia huku, hii avenyu iko namna gani?" Usianze na maswali ya lupango, yatakuja yenyewe. Atakuambia kama mwenye nyumba alikufa, kama watoto wanagombana, kama polisi walikuja.

Na angalia ukuta wa barabara kwa karibu sana. Unajua yale maandishi makubwa mekundu ya "Parcelle à ne pas vendre" (lupango hii haiuzwi), yako mji mzima. Familia inaandika pale mmoja wao anataka kuuza kwa siri. Muuzaji anapaka chokaa juu. Simama pembeni, sio mbele, uache jua lipige ukuta kwa ubavu: herufi za zamani zinaonekana chini ya rangi, ama unaona kipande kimoja cha ukuta kiko cheupe kuliko vingine. Ukiona hivyo usimkasirikie mtu, uliza tu nani aliandika na juu ya nini, na usimame hapo mpaka upate jibu la familia nzima.

Kuhusu familia, hapa watu wanalia sana na inaniuma kila ninaposikia. Kode ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka bwana na bibi wakubaliane wote wawili kwa kuuza nyumba. Kwa hiyo baba akiuza peke yake, hata kama jina lake tu njo liko kwenye karatasi, bibi anaweza kwenda tribinali. Na kama mwenye jina alishakufa, wanaouza ni warithi wote, watoto wa nyumba na wale wa nje pia. Yule kijana mkubwa anayekuambia "mimi njo ninasimamia mali ya papa" akuonyeshe karatasi ya kumteua na saini za ndugu zake. Akisema wengine wako Kinshasa ama Afrika Kusini, wako watu wanaotuma prokirasio, karatasi ya kumruhusu mwingine asaini kwa jina lao, inafanyika, subiri iletwe.

Karatasi

Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwenye kifungu cha 53 kwamba udongo ni wa Leta (serikali), na kwenye kifungu cha 219 kwamba haki yako juu ya lupango inathibitishwa na setifika danrejistrema (hati ya usajili) peke yake. Fishi parselere (karatasi ya lupango) ya komini, ateste (barua) ya shefu wa kartie (mtaa), livre ya lojeri (kitabu cha nyumba) ya wakati wa babu, zote zinasaidia kujua historia, lakini hakuna hata moja iko sawa na setifika. Kontra ya lokasio (mkataba wa kupanga udongo) pia haitoshi, hiyo Leta inaitoa kwa muda tu, haizidi miaka 3, mtu ajenge kwanza.

Kusema kweli nyumba nyingi za komini ya Annexe na hata za Katuba hazina setifika. Sisemi usinunue, nasema bei ishuke, juu kazi na gharama ya kuitafuta vitakuwa juu yako.

Ikiwa setifika iko, omba fotokopi na usome namba za Volume na Folio (kitabu na ukurasa ilipoandikwa). Nenda nazo kwa konservatere wa titre imobilie (afisa wa Leta anayetunza hati za nyumba na udongo) wewe mwenyewe ama na avoka (mwanasheria) wako, usimtume "ndugu" ya komisioneri anayefanya kazi huko. Uliza mambo manne: jina ni la nani leo, ukubwa ni gani, kuna ipoteki (rehani) ya banki, kuna opozisio (mtu aliyepinga isiuzwe). Jua pia kwamba Lubumbashi iko na sirkonskripsio (maeneo ya biro za udongo) zaidi ya moja, usiende kwa biro isiyo yake ukarudi na jibu la bure. Kisha chukua jometri (mpimaji), apime lupango na atafute borne (alama za mipaka), kuta nyingi zilisogea mita moja ama mbili kwa jirani. Nyumba iliyo chini ya nyaya kubwa za SNEL ama kando ya reli ya SNCC, hata kama bei ni tamu, achana nayo.

Kwa ndugu zetu wa Ulaya waliochukua pasipoti ya kule: konsesio perpetuelle (haki juu ya udongo isiyo na mwisho) ni ya Mkongomani tu. Mgeni anapewa ya ordinere (ya muda), kwa mfano amfiteoze (kukodi udongo kwa muda mrefu) ya miaka 25 inayoweza kuongezwa. Mpange mapema jina la nani litaandikwa.

Siku ya feza

Kuanzia hapa komisioneri ataanza kukuharakisha. "Yaya, kuna mteja anatoka Kolwezi leo jioni na feza yote." Labda yuko kweli. Mwambie: akilipa, nitafurahi kwa ajili yake. Nyumba itakayokupotea juu ulitaka siku tatu za kwenda kwa konservatere, iache ipotee. Usitoe akonti (malipo ya kwanza) ya kushikilia nyumba mu mkono wa komisioneri, hata dola mia. Akonti anapokea mwenye nyumba, mbele ya bibi yake, na karatasi inayosema itarudishwa kama setifika si ya kweli.

Kontra ya kuuza ifanywe kwa notere (afisa anayethibitisha mikataba), na mashahidi wa pande zote mbili, kadi za kura za wauzaji zifotokopiwe. Feza ipite banki. Mkilipana mkononi, hesabu ndani ya banki, na angalia dola mojamoja, juu noti iliyopasuka kidogo utarudishiwa wewe. Usilipe yote siku hiyo. Gawa mara mbili ama tatu: sehemu kwenye saini, sehemu mitasio (kubadilisha jina la mwenye nyumba) ikishaingia kwa konservatere, na ya mwisho ibaki kwako mpaka wapangaji wote watoke. Hawa wapangaji mara nyingi hawajui nyumba inauzwa, wameshalipa garanti (feza ya dhamana), na yule muuzaji akishapokea feza yote anakuachia wewe kazi ya kuwatoa. Garanti yao arudishe yeye, waandike wameipokea, uingie chumba kwa chumba uone ni tupu, upewe funguo, ndipo utoe ile sehemu ya mwisho, na komisio siku hiyohiyo.