Somo: Kupima damu kwa ajili ya aleji ya chakula, kipimo kipi uchague na kipi uachane nacho

Wakuu, naona watu wanazidi kulipia vile vipimo vya damu vya "vyakula visivyokupatana", wanapewa karatasi ndefu yenye rangi nyekundu, halafu wanaacha mayai, maziwa, ngano, samaki, na kinachoniuma zaidi wanawaachisha na watoto. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: daftari kabla ya sindano
Andika ulikula nini, dalili zilianza baada ya muda gani, na ukila tena zinarudi? Muda ndo unaongea. Midomo kuvimba, vipele vya kuwasha, kutapika, kubanwa pumzi, yote haya yakija ndani ya dakika chache mpaka kama masaa mawili, hapo tunafikiria aleji yenyewe. Ila kama ni gesi na kuharisha kila ukinywa maziwa, mara nyingi ni mwili kushindwa kumeng'enya laktosi, yaani sukari ya maziwa, na hiyo siyo aleji, hata upime kingamwili zote (protini za kinga ya mwili zilizomo kwenye damu) hautaiona, ina kipimo chake cha kupuliza pumzi.

Hatua ya 2: soma herufi kwenye fomu
Hapa ndo watu wengi wanaliwa hela. IgE ndo kingamwili ya aleji, ilitambuliwa miaka ya 1960, inakaa juu ya seli zinazomwaga histamini, kemikali inayoleta muwasho na uvimbe, ukikutana na kile chakula. IgG, ile inayopimwa kwenye zile karatasi za rangi nyekundu, ni habari nyingine kabisa, mwili unaitengeneza kwa vyakula ulivyokutana navyo, na IgG4, aina mojawapo ya IgG, inaendana zaidi na mwili kukizoea chakula kuliko kukikataa, kwahiyo mtu anayekula mayai kila siku akikutwa na IgG ya mayai hiyo ni kumbukumbu ya alichokula tu. Chama cha wataalamu wa aleji cha Ulaya kilitoa msimamo 2008 kwamba IgG4 isitumike kutafuta aleji ya chakula, wa Kanada wakasema hivyohivyo kuhusu IgG 2012. Fomu ikiandikwa IgG, irudishe.

Hatua ya 3: omba IgE ya chakula unachokishuku
Siyo paneli ya vyakula mia. Ukipima vingi bila sababu utakuta chanya kadhaa za vyakula unavyokula vizuri tu, maana damu inaweza kuonyesha IgE na wewe usipate dalili yoyote. Namba ikiwa kubwa inaongeza uwezekano kwamba aleji ipo, haisemi itakuwa kali kiasi gani. Kwa karanga kuna kipimo cha protini moja tu inayoitwa Ara h 2, kinasaidia sana kutofautisha mwenye aleji kweli na ambaye damu imechanganya tu karanga na chavua, yaani ungaunga wa maua. IgE ya jumla achana nayo kwa kazi hii, minyoo, pumu na ukurutu vyote vinaipandisha.

Hatua ya 4: damu au kuchomwa kwenye ngozi?
Ngozi inatoa majibu ndani ya dakika 15 hadi 20, ila lazima usimamishe dawa za aleji siku kadhaa kabla. Kama huwezi kuziacha au ngozi imejaa ukurutu, chagua damu, dawa hizo haziiharibu.

Hatua ya 5: peleka majibu na daftari kwa daktari
Pakibaki utata, jibu la uhakika ni kula kile chakula kidogokidogo mbele ya wataalamu wenye dawa mkononi. Usijaribie nyumbani kama uliwahi kubanwa pumzi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, mtoto wangu ana ukurutu, kapimwa IgE imetoka chanya kwa maziwa na mayai, lakini anavila vyote hana shida. Nimwachishe?*
Usimwachishe kwa karatasi pekee, mama. Mtoto mwenye ukurutu akiachishwa chakula alichokuwa anakivumilia, anaweza kuja kupata aleji kali siku akirudishiwa, na juu yake anakosa lishe. Ongea na daktari kwanza.

*Mimi mkate unanijaza tumbo, nimeshaacha ngano, sasa nataka nipime siliaki, ule ugonjwa wa utumbo kuumizwa na ngano.*
Hapo umeacha mapema mno. Kipimo chake ni cha damu, kinaitwa tTG-IgA, pamoja na IgA ya jumla (IgA ni kingamwili nyingine), na kinataka uwe unakula ngano, la sivyo kinaweza kutoka hasi wakati ugonjwa upo. Mwone daktari akupangie urudi kula kwa muda gani kabla ya kutoa damu.

*Nilifuata orodha ya IgG na tumbo likatulia kabisa, utasemaje hapo?*
Nakuamini limetulia. Ukiacha vyakula vingi kwa pamoja ni rahisi kimojawapo kiwe ndo kilikuwa kinakusumbua, labda maziwa, labda ngano au vitunguu. Kama hukuwahi kuvimba wala kubanwa pumzi, rudisha kimoja kimoja, kila kimoja kipe siku chache, utabaki na kile chenyewe.

*IgE ya karanga hasi, lakini nilizila koo likabana.*
Usizile. Kipimo hasi hakifuti kilichotokea, rudi kwa mtaalamu wa aleji na muulize kuhusu sindano ya adrenalini ya kutembea nayo.