Jinsi ya kutafiti mtandaoni kwa usalama na uaminifu

Mimi ni mkutubi. Wanafunzi wengi wanaoletwa kwangu kwa tuhuma za wizi wa maandishi hawakukusudia kuiba. Walinakili aya, wakaibandika kwenye faili lao, na siku ya kuandika wakashindwa kujua ipi ni yao na ipi ni ya watu. Kwa hiyo tunaanzia kwenye daftari.

Hatua ya 1: Fungua daftari la vyanzo kabla ya kutafuta chochote

Kwa kila ukurasa utakaoutumia, andika jina la mwandishi, kichwa cha habari, tarehe ya kuchapishwa, kiungo, na siku uliyousoma. Kisha kila unachokiandika kitangulize kwa herufi moja. N ni nukuu, yaani maneno ya mwandishi jinsi yalivyo, ndani ya alama za kunukuu. M ni hoja ya mwandishi uliyoieleza kwa maneno yako. F ni fikra yako mwenyewe. N na M zote zinadai rejea. Wengi husahau M, wakidhani kubadili maneno kunatosha. Hakutoshi, kwa sababu hoja bado ni ya mwenzako.

Programu ya bure kama Zotero itakuhifadhia taarifa za chanzo. Herufi utaziweka mwenyewe.

Hatua ya 2: Jilinde

Kwenye kompyuta inayotumiwa na wengi, fungua dirisha la faragha na utoke kwenye akaunti zako kabla ya kuinuka. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye barua pepe, yaani mbali na nenosiri uombwe uthibitisho wa pili, kama msimbo wa kwenye simu. Ukitafuta makala ukaletewa faili linaloishia na .exe, yaani programu, usilifungue, makala haiji hivyo. Na https mwanzoni mwa anwani inamaanisha tu kwamba mawasiliano yako na tovuti hiyo yamesimbwa, yaani wengine hawawezi kuyasoma njiani. Tapeli naye anaweza kuwa nayo.

Hatua ya 3: Tafuta kwa maneno yaliyochujwa

Tuseme unachunguza simu na usingizi wa vijana. Ukiandika "je, simu zinaharibu usingizi", utaletewa zaidi wanaokubaliana na swali lako. Andika: "usingizi wa vijana" simu filetype:pdf. Alama za kunukuu hushikilia maneno pamoja, na filetype:pdf huleta ripoti na makala. Rudia utafutaji huo kwenye Google Scholar, sehemu ya Google ya kutafutia makala za kitaaluma, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine unazozisoma.

Hatua ya 4: Toka kwenye ukurasa kabla ya kuuamini

Usipoteze muda kusoma sehemu ya "Kuhusu sisi". Hapo kila mtu hujisifu. Fungua kichupo kipya, utafute jina la tovuti au la mwandishi, usome wengine wanasema nini juu yake: nani anaigharamia, inauza nini. Wikipedia inafaa kwa kazi hii, na marejeo yaliyo chini ya makala zake ni mlango mzuri wa kuingilia, ila usiishie hapo.

Hatua ya 5: Fuata dai hadi lilikozaliwa

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Mwaka 1998 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake, iliyohusu watoto 12 tu, ikidokeza kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Mwaka 2010 jarida likaifuta. Hata leo utakutana na kurasa zinazoitaja kama ushahidi, bila neno juu ya kufutwa kwake. Anayeifungua kwenye tovuti ya jarida lenyewe huona tangazo la kufutwa. Anayenakili rejea kutoka kwa mwingine haoni kitu.

Kwa hiyo ifungue makala yenyewe. Ikiwa na DOI, namba ya kudumu ya kuitambulisha makala, inayoanza na 10., ibandike namba hiyo baada ya https://doi.org/. Tazama kama imefutwa au kusahihishwa, kisha soma mbinu na matokeo. Ikisiri, yaani muhtasari ulio mwanzoni mwa makala, peke yake haitoshi.

Hatua ya 6: Akili unde isikupe rejea usizozifungua

Akili unde, yaani programu kama ChatGPT, itumie kupata maneno ya kutafutia, kama mwalimu wako ameruhusu, na useme umeitumia. Rejea zake zihakiki moja moja. Mwaka 2023 mahakama ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Kesi hizo zilikuwa na majina na namba, kama za kweli kabisa.

Hatua ya 7: Heshimu kazi na watu

Picha kuonekana kwenye Google si ruhusa ya kuitumia. Tafuta zenye leseni ya Creative Commons, ambayo mwenye kazi huitumia kuwaruhusu wengine watumie kazi yake kwa masharti, na usome masharti hayo: BY inataka umtaje mwenye kazi, NC inakataza matumizi ya biashara, ND inakataza kusambaza kazi uliyoibadilisha.

Kwa watu, kuwa mwangalifu zaidi. Mtu aliyeeleza ugonjwa wake kwenye kundi la mtandaoni alikuwa anazungumza na wenzake. Kumfichia jina hakutoshi, maana sentensi yake ukiinukuu neno kwa neno, yeyote anaweza kuibandika kwenye kisanduku cha kutafutia akamfikia. Muulize mwalimu taratibu za ridhaa, kisha umwombe mhusika. Akikataa au asipojibu, maneno yake yaache.