Kabla ya kupeleka wimbo wa nchi kwenye shindano la redio

Watu husema "nchi fulani imeingia shindanoni", lakini anayejaza fomu ni shirika la utangazaji. Tamasha la nyimbo za redio la Umoja wa Utangazaji wa Asia na Pasifiki, lililoanza Seoul mwaka 2012, ni la vituo vya umoja huo. Eurovision, shindano la nyimbo la televisheni, nayo iko chini ya Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, na ndiyo maana Moroko, ambayo kituo chake kilikuwa mwanachama, iliimba huko mwaka 1980. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuulizwa ni mhasibu: ada zimelipwa? Mwaka 2016 Romania ilikuwa imeshachagua mwimbaji na wimbo, ikatolewa wiki chache kabla ya shindano kwa sababu kituo chake cha taifa kilikuwa na deni la miaka mingi. Mwimbaji hakukosea hata noti moja.

Baada ya hapo soma kanuni zote, hata zile zinazochosha. Urefu wa wimbo ndio unaowaangusha wengi. Mwaka 1957 Italia ilipeleka Frankfurt wimbo uliozidi dakika 5, na baada ya hapo kikomo cha urefu kwenye Eurovision, ambacho leo ni dakika 3, kikaanza kusimamiwa kwa ukali. Pima kwa saa, kuanzia mlio wa kwanza hadi mwangwi wa mwisho unapokatika, maana mwangwi nao unahesabiwa. Na wimbo wa dakika 4 na nusu usiufupishe kwa kuuzima polepole mwishoni. Mrudishie mtunzi mwenyewe aondoe beti, apunguze ala za mwanzo, kiitikio kifike mapema.

Maneno nayo yasomwe na mtu asiyehusika na wimbo, ayasome na tafsiri yake. Mwaka 2009 Georgia ilichagua wimbo ambao kiitikio chake kilichezea jina la Putin, na shindano lilikuwa linafanyika Moscow. Waandaaji wakataka maneno yabadilishwe, Georgia ikakataa, ikajitoa. Kama mmekusudia kusema jambo hilo, semeni mkijua gharama yake. Kibaya ni kushtukia baadaye.

Kisha haki. Hapa usione haya kuonekana mtu wa makaratasi. Mtunzi wa maneno, mtunzi wa muziki na prodyuza aliyetengeneza biti, wote waandike na kusaini kwamba wimbo unaruhusiwa kurushwa na vituo vya nchi zote zinazoshiriki. Mpiga gitaa aliyeitwa studio jioni moja naye asisahauliwe, maana ndiye anayejitokeza wimbo ukishavuma. Mwimbaji naye aonyeshwe mkataba wake kabla ya mchujo wa nyumbani. Ukraine mwaka 2019 ilifanya kinyume: mshindi akaukataa mkataba, waliomfuata nao wakakataa, na mwisho nchi ikajiondoa kabisa.

Sasa sauti yenyewe, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayopewa muda mdogo kuliko inavyostahili. Redio haina gauni wala taa wala wachezaji. Chochote kinachopendeza jukwaani kwa sababu ya kutazamwa, kwenye redio ni ukimya. Toka nje ya studio, uziache zile spika zake kubwa, uchezeshe wimbo kwenye redio ndogo ya spika moja, sauti ikiwa chini. Utashangaa: besi iliyokuwa inatetemesha meza imepotea, na waitikiaji waliopangwa kushoto na kulia wamemkalia mwimbaji kichwani. Fundi sauti achanganye upya kwa kufuata redio ile.

Jaribio jingine halihitaji mtambo wowote. Mpe mtu asiyeujua wimbo kalamu na karatasi, asikilize mara moja tu, aandike maneno anayoyasikia. Akiandika "moyo" mahali palipo na "moto", rudini kwenye maikrofoni. Mara nyingi kosa ni dogo: mwimbaji amesogea karibu mno, kila "p" inapasuka, au anameza silabi ya mwisho ili avute pumzi. Tena ala zikitangulia kwa sekunde 20 kabla ya sauti ya mtu, msikilizaji wa mbali anayepekua stesheni ameshahama.

Andaa mafaili mawili tofauti: wimbo kamili, na biti tupu kwa ajili ya kuimba papo kwa papo kama kanuni zinadai hivyo. Jina la faili liseme nchi, mwimbaji na urefu. "Mwisho_mpya_mwisho2" si jina. Nakala nyingine abebe mtu mwingine, kwenye begi jingine. Pasi za kusafiria na viza zianze kushughulikiwa siku ileile mshindi anapotangazwa.

Kuna kitu kimoja kidogo ambacho husahaulika karibu kila mara. Mtangazaji wa nchi mwenyeji hajui jina la mwimbaji wenu linavyotamkwa, na kuliandika tu hakumsaidii. Mrekodi mwimbaji mwenyewe akilitaja jina lake na la wimbo, taratibu, mara mbili, kisha kwa kasi ya kawaida. Sekunde 10 zinatosha. Itume pamoja na wimbo.